Jembe la Uani: Bustani za Vita na Sifa za Kizazi Kilichozilima

Katika Uingereza na Marekani, hakuna kizazi cha karne ya 20 kinachotajwa kwa heshima kubwa kuliko kile kilichokuwa katika utu uzima wake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya 1939 na 1945, na heshima hiyo kwa kawaida huelekezwa kwenye tabia, yaani uvumilivu, kutolalamika, kuridhika na kidogo, na uwezo wa kuendelea na shughuli za kila siku hata mabomu yanapoanguka. Sifa hizo zina msingi wa kweli. Hata hivyo, mtu akiuliza tabia hiyo ilionekana wapi hasa, miongoni mwa mamilioni ya watu ambao hawakushika bunduki wala kupanda ndege, sehemu kubwa ya jibu iko mahali pasipotajwa sana katika sherehe za kumbukumbu: nyuma ya nyumba, kwenye ua, ambako watu waliorudi wamechoka kutoka kiwandani walishika jembe na kulima viazi mpaka giza likaingia. Kazi hiyo ndiyo ambayo wajukuu wao wameiacha kwa wingi zaidi, huku wakizidi kuwasifu walioifanya. Historia ya bustani za vita inaonyesha jinsi kazi na sifa zilivyotengana, na inaonyesha pia kwamba utengano huo ulianza mapema kuliko inavyodhaniwa.

Chanzo cha bustani hizo kilikuwa hesabu ya tumbo. Kabla ya vita Uingereza iliagiza kutoka ng'ambo takribani theluthi mbili ya chakula chake, na chakula hicho kilifika kwa meli zilizokatiza bahari ambayo adui angeweza kuifunga kwa nyambizi, yaani manowari zinazosafiri chini ya maji. Serikali haikuhitaji kuikisia hatari hiyo, kwa kuwa iliwahi kuionja mwaka 1917, Ujerumani ilipoanza kuzamisha meli za kila aina bila onyo. Wakati huo mamlaka za miji zilipewa uwezo wa kutwaa ardhi isiyotumika na kuigawa kwa wananchi, na hata mfalme George V aliruhusu maua yaliyozunguka mnara wa Malkia Victoria mbele ya kasri lake yang'olewe ili viazi vipandwe. Kwa hiyo vita vilipoanza tena Septemba 1939, mpango ulikuwa umekwisha kufikiriwa. Oktoba ya mwaka huohuo Waziri wa Kilimo, Sir Reginald Dorman-Smith, alizungumza redioni akiwataka wananchi waongeze vitalu nusu milioni, na kutoka hapo ikazaliwa kampeni iliyowahimiza watu kulima kwa ajili ya ushindi.

Kitalu kinachozungumziwa hapa kinahitaji maelezo, maana hakifanani kabisa na shamba wala na bustani ya nyumbani. Ni kipande cha ardhi, kwa kipimo cha kawaida mita za mraba 250 hivi, ambacho mamlaka ya mji hukikodisha kwa mkazi kwa kodi ndogo ili alime mboga za kula na familia yake. Vitalu vya namna hiyo vilienea katika karne ya 19, baada ya ardhi za pamoja za vijiji kuzungushiwa uzio na kuwa mali ya wenye mashamba makubwa, na sheria ya mwaka 1908 ilizitaka mamlaka za mitaa kuvitoa pale wakazi wanapovihitaji. Mwaka 1939 vilikuwa zaidi kidogo ya 800,000, na kufikia 1943 vilikadiriwa kuwa milioni 1.4, mbali na bustani za nyumbani ambazo ukoka wake ulifukuliwa ili kupisha kabichi. Handaki kavu linaloizunguka ngome ya kale ya London, ile inayohifadhi vito vya kifalme, liligawanywa vitalu vya mboga. Katika mtaa wa Bethnal Green, mashariki ya London, wakazi walilima juu ya vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu, baada ya kuondoa matofali kwa mikono na kuleta udongo kutoka kwingine.

Wengi wa wakulima hao wapya hawakuwa wamewahi kupanda hata bizari, na hapa ndipo simulizi ya ushupavu wa kuzaliwa nao inapokosa nguvu. Watu walifundishwa. Wizara ya Kilimo ilitoa vipeperushi vilivyoeleza jinsi ya kukipanga kitalu chenye urefu wa mita 27 na upana wa mita 9, mazao yapi yafuatane ili udongo usichoke, na lini kila mbegu iwekwe ardhini. Kila Jumapili mchana, mtaalamu wa bustani C. H. Middleton alizungumza katika redio ya BBC kwa sauti tulivu ya mtu anayezungumza na jirani yake, na mamilioni walimsikiliza. Hata saa za ukutani ziliwasaidia wakulima, kwani kuanzia 1941 serikali ilizisogeza mbele saa mbili katika miezi ya kiangazi, hasa kwa ajili ya kuokoa nishati na kurefusha muda wa kazi, na matokeo yake yakawa jioni ndefu zenye mwanga ambazo mtu aliyetoka kiwandani aliweza kuzitumia kwenye mistari yake ya karoti.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na ya kuchosha akili. Ukoka uliokaa miaka mingi una mizizi iliyoshikana kama mkeka, na kuufukua kwa jembe la kusukuma kwa mguu, ambalo Waingereza hulitumia badala ya jembe la kuinua juu la Afrika, ni kazi ya majuma kadhaa kwa mtu mwenye jioni chache tu. Mbolea za chumvichumvi zilipungua, hasa potashi, ambayo kabla ya vita ilitoka kwa wingi Ujerumani na Ufaransa, kwa hiyo familia zilijifunza kutengeneza mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki ya jikoni yaliyoozeshwa, na kuhifadhi majivu ya kuni kwa ajili ya mimea. Kitunguu, ambacho kilikuwa kikiletwa na wachuuzi kutoka pwani ya Bretagne na visiwa vya karibu yake, kiliadimika baada ya Ufaransa kuanguka Juni 1940, hata kikawa zawadi ya bahati nasibu maofisini. Waliofuga kuku uani walikubali kuacha mgawo wao wa mayai ili wapewe chakula cha kuku, na majirani waliungana katika vyama vya kufuga nguruwe kwa makombo ya mtaa mzima.

Mgawo wa chakula ulianza tarehe 8 Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, kisha ukapanuka mwaka hadi mwaka, lakini mboga na viazi havikuwekwa kwenye mgawo wakati wote wa vita. Uhuru huo wa kula mboga kadiri mtu awezavyo kuzipata ulitokana kwa sehemu kubwa na majembe ya mashambani, na kwa sehemu isiyo ndogo na yale ya uani, ambayo kufikia mwisho wa vita yalikadiriwa kutoa zaidi ya tani milioni moja za mboga kwa mwaka. Mashambani nako wanaume walipoondoka kwenda jeshini, nafasi zao zilichukuliwa na Jeshi la Wanawake la Mashamba, chombo cha wasichana wa kujitolea na baadaye wa kuandikishwa, kilichoongozwa na Lady Gertrude Denman na kilichofikia wanachama zaidi ya 80,000. Jina lake lilikuwa jeshi, lakini silaha zake zilikuwa uma wa kubebea nyasi, ndoo ya maziwa na mtego wa panya. Serikali ilisita kwa miongo mingi kuwatambua wanawake hao kwa namna ileile iliyowatambua askari, na kusita huko kunaeleza mengi kuhusu aina ya ushupavu ambao mataifa hupenda kuukumbuka.

Ni lazima isemwe pia kwamba si kila mtu alilima, na si kila aliyelima alilima vizuri. Wengi walipanda saladi zote kwa wakati mmoja, wakapata wingi wa kutupwa mwezi Julai na hawakuwa na kitu mwezi Machi, wakati mboga za majira ya baridi zinapokwisha na mpya hazijakomaa, na ndiyo maana mabango ya serikali yalirudiarudia kuwakumbusha watu kupanda kwa ajili ya majira ya baridi pia. Wizi wa mboga vitaluni ulikuwa malalamiko ya mara kwa mara. Wako waliochukua kitalu kwa shauku ya majira ya kuchipua wakakiacha kwa magugu kabla ya vuli. Mwanahistoria Angus Calder, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu jinsi taifa la Uingereza lilivyoiunda picha yake ya mwaka 1940, alionyesha kwamba watu wa wakati ule walikuwa na woga, uchovu, ubinafsi na uvivu kama watu wa wakati wowote. Hili haliwapunguzii heshima yao. Kinyume chake, linaifanya iwe na maana, kwa sababu mtu asiyependa kulima anayelima miaka mitano ametenda jambo kubwa kuliko yule anayedhaniwa alizaliwa bila kuchoka.

Marekani ilifuata njia yake. Huko hakukuwa na hatari ya kufungiwa chakula, na Wizara ya Kilimo mwanzoni ilisitasita kuwahimiza watu wa mijini, ikikumbuka mbegu na mbolea zilizoharibiwa na wakulima wasiojua kazi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hali ilibadilika baada ya chakula cha makopo kuwekwa kwenye mgawo Machi 1943, kwani bati lilihitajika vitani na magari ya moshi yalihitajika kubeba askari. Mwaka huo Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, aliruhusu bustani ya mboga ilimwe katika uwanja wa Ikulu ya Washington, na idadi ya bustani za ushindi nchini kote ilikadiriwa kufikia milioni 20, zikitoa kiasi kinachotajwa kuwa asilimia 40 hivi ya mboga mbichi zilizoliwa. Simulizi hiyo ya fahari ina upande wake wa aibu. Mwaka 1942 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani na kuwafungia kambini, na wengi wao walikuwa wakulima wa California waliokuwa wakizalisha sehemu kubwa ya mboga za jimbo hilo. Huko kambini, katika vumbi la mahali kama Manzanar, walichimba udongo mgumu na kuanzisha bustani zao za ushindi, wakilima kwa ajili ya taifa lililowazungushia seng'enge.

Jembe la vita halikuishia Ulaya na Marekani, na msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza nani mwingine alilima. Mwaka 1942 Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Uholanzi vya Mashariki ya Mbali, katani ya Tanganyika ilikuwa muhimu ghafla kwa kamba za meli na jeshi la majini, nayo pareto ya Kenya ikatafutwa kwa ajili ya dawa ya kuua wadudu waliowasumbua askari katika nchi za joto. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ya Kenya iliruhusu Waafrika waandikishwe kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya walowezi yaliyohesabiwa kuwa muhimu kwa vita, na Tanganyika nayo iliwapeleka watu kwa lazima katika mashamba ya mkonge na mpira. Mkata mkonge aliyetimiza idadi ya mafungu yake chini ya jicho la mnyapara alishiriki katika vita vilevile alivyoshiriki mwenye kitalu wa London, tofauti ikiwa kwamba mmoja alilima ale na mwanawe, na mwingine alikata asichokula wala kukiuza mwenyewe, tena wakati njaa ya mwaka 1943 ikiwaumiza watu wa Kenya. Orodha ya ushupavu wa kizazi cha vita inayomwacha mkata mkonge nje ni orodha pungufu.

Mfano ulio wazi zaidi wa kusifu ushupavu bila kuheshimu jembe ulitokea Tanganyika baada tu ya vita. Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika maeneo makubwa ya Afrika Mashariki. Serikali iliukubali mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa kabisa ikiwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ikawaajiri wengi waliokuwa askari, kwa imani kwamba ari na utaratibu uliomshinda adui ungeshinda pori. Vifaru vilivyobaki vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mbuyu haukujali nishani ya mtu, na ardhi nyekundu ya Ugogo, yenye chembe ngumu zilizokula chuma cha majembe, iliganda kama tofali lililochomwa mara mvua zilipokatika, wakati ambapo karanga zilipaswa kung'olewa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Wagogo, ambao walijua ni miaka mingapi kati ya kumi mvua hukosekana Kongwa, hawakupewa nafasi ya kuamua. Kizazi kilekile kilichojifunza kwa unyenyekevu uani, kwa kipeperushi na kwa kumsikiliza Middleton, kilipopewa mitambo na sifa kilisahau kwamba udongo huulizwa kwanza.

Wakati Kongwa ikishindwa, nyumbani Uingereza majembe yalikuwa yamekwisha kuanza kutundikwa. Hapa ndipo lawama inayotupiwa vizazi vya sasa inapostahili kusahihishwa. Uhaba wa chakula wa Waingereza haukuisha mwaka 1945. Mkate, ambao haukuwahi kuwekwa kwenye mgawo wakati wa vita, uliwekwa kuanzia 1946 hadi 1948, viazi navyo vikafuata mwishoni mwa 1947, na mgawo wa mwisho haukuondolewa mpaka Julai 1954. Hata hivyo vitalu vilianza kuachwa mara amani ilipotangazwa, na walioviacha walikuwa haohao waliovilima, kwa sababu ardhi nyingine ilirudishwa kwa wenyewe au ilijengwa nyumba, na kwa sababu watu waliolima miaka sita kwa lazima ya hali walitaka kuketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa vimebaki takribani nusu milioni. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Harry Thorpe, iliyotoa ripoti yake mwaka 1969, ilipendekeza vitalu hivyo vigeuzwe kuwa bustani za mapumziko, pendekezo lililokiri kwamba ulimaji wa kujilisha ulikuwa umegeuka kuwa burudani.

Nafasi ya kabichi ilirudishwa kwa ukoka. Mashine ya kukatia nyasi ilibuniwa na Edwin Budding huko Gloucestershire mwaka 1830, lakini ilikuwa baada ya vita, hasa Marekani, ambapo uwanja wa nyasi ulikuwa sharti la heshima kwa familia ya kawaida. Katika Levittown, mji wa nyumba za bei nafuu ulioanza kujengwa karibu na New York mwaka 1947 kwa ajili ya askari waliorudi, wakazi walitakiwa kukata nyasi zao kila wiki katika miezi ya joto, na kuanika nguo kulikuwa na masharti yake. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa nyasi za mapambo zimefunika zaidi ya kilomita za mraba 160,000 za Marekani, eneo kubwa kuliko la zao lolote jingine linalomwagiliwa nchini humo. Ni vigumu kumlaumu kijana anayeikwepa kazi ya uani ya namna hiyo na kumlinganisha na babu yake wa 1943, kwa sababu kazi zenyewe hazilingani: babu alilima akala, na mjukuu anaambiwa akate nyasi zisizolisha hata mbuzi. Kilichokufa kwanza ni sababu ya kazi, na mkono ukaifuata.

Pengo lililoachwa na kazi lilijazwa na sifa. Tom Brokaw, mtangazaji wa Marekani, alichapisha mwaka 1998 kitabu kilichokiita kizazi hicho kuwa bora kupita vyote, na jina hilo likaenea. Uingereza ilipata bango. Mwaka 1939 serikali ilichapa nakala zaidi ya milioni mbili za tangazo jekundu lenye taji, lililowahimiza watu watulie na kuendelea na mambo yao, likihifadhiwa kwa siku ya maafa makubwa; halikubandikwa kwa umma ila mara chache mno, na nakala nyingi zilisagwa kuwa karatasi upya. Mwaka 2000 nakala moja iligunduliwa katika duka la vitabu vya zamani huko Alnwick, na ndani ya miaka michache maneno yake yalikuwa kwenye vikombe, fulana na mazulia ya mlangoni ulimwenguni kote. Alama inayotambulika zaidi leo ya ushupavu wa kizazi cha vita ni tangazo ambalo kizazi chenyewe karibu hakikuliona. Mabango waliyoyaona kila siku, yenye mguu uliokanyaga jembe, yanaagiza jambo la kufanywa, na pengine ndiyo maana hayakupata soko kama hilo.

Watoto waliotumwa kuokota viwavi kwenye kabichi mwaka 1942 sasa ni wazee sana, na walio wachache zaidi ni wale waliokata mkonge Tanga au waliofyeka pori la Kongwa wakiwa vijana. Waandishi wa historia na watu wa familia zao wanaopenda kuwauliza mabomu yalisikikaje na njaa ilikuwaje wawaulize pia mambo ya jembe: nani aliwafundisha, mbegu zilitoka wapi, udongo ulikuwa wa namna gani, nani alilipwa na nani hakulipwa, na siku gani waliacha kulima na kwa nini. Majibu hayo yaandikwe sasa, London, California, Tanga na Kongwa, wakati wenyewe wangali wanaweza kuyatoa kwa kinywa chao.